Sabuni ya Maji na Ajira Milioni Nane

Mtaani kwetu hakuna mtu mchafu. Siyo kwamba tuna maji, maji yenyewe ni ya mgawo. Ni kwamba kila nyumba ina mjasiriamali, na kila mjasiriamali anatengeneza sabuni ya maji. Jirani wa kulia anatengeneza, wa kushoto anatengeneza. Mama ntilie wa pale kona, ambaye ndiye aliyekuwa mteja wetu sote, alialikwa semina mwaka jana, naye sasa anatengeneza.

Mimi ninaye mpwa wangu. Kijana ana shahada ya usimamizi wa rasilimali watu, ila mpaka leo mtu aliyepata kumsimamia ni mimi mjomba wake, tena rasilimali zenyewe ni zangu. Aliomba kazi mtandaoni mpaka bando likaisha. Akaitwa usaili, akaenda kwa nauli yangu, akakuta umati utadhani Simba na Yanga. Akarudi. Ndipo akaitwa semina ya ujasiriamali.

Semina hizi nazijua. Ukumbi wa kata, viti vya plastiki, soda moja, maandazi mawili, na mwezeshaji anayefungua kwa kusema, "Kijana, usisubiri kuajiriwa, jiajiri!" Yeye mwenyewe ameajiriwa. Jioni anaondoka na posho, vijana wanaondoka na cheti.

Na cheti maana yake ni ndoo. Mpwa wangu aliniomba mtaji, akanunua salfoniki, soda ash, rangi ya kijani na harufu ya limao, akaanza kukoroga kwa mti upande mmoja tu bila kugeuza, maana ndivyo alivyofundishwa. Mchanganyiko unaachwa usiku kucha povu lishuke. Chumvi ikizidi, sabuni inakuwa maji. Siku hiyo nyumba nzima tunaoga kwa hasara. Ikikubali, inatiwa kwenye chupa zilizokwisha za maji ya kunywa, halafu tunaanza kumtafuta ambaye hatengenezi. Wiki iliyopita jirani alimletea mke wangu chupa, mke wangu akampa chupa yetu. Ukuaji jumuishi mtaani kwetu ndio huo: chupa zinazunguka, shilingi haimo.

Msinielewe vibaya, mipango siichukii. Nimeishi nayo muda mrefu kuliko nilivyoishi na mke wangu. Kampeni za mwaka 2005 zilituahidi ajira milioni moja. Yakafuata mabilioni ya JK, mikopo ya Rais Kikwete, ambayo mtaani kwetu tuliyasikia redioni. MKUKUTA, mkakati wa kupunguza umaskini, ulikuja, ukaja na wa pili. Desemba 2018 vikatolewa vitambulisho vya wajasiriamali, elfu ishirini kimoja, wamachinga wakavivaa shingoni. Ilani ya CCM ya 2020 ikapanda dau: ajira milioni nane. Kutoka milioni moja hadi nane kwa miaka 15! Mimi sijaona sekta iliyokua kwa kasi hiyo, si kilimo, si madini, si utalii.

Mkopo wa asilimia kumi nausifu kwa moyo mweupe. Sheria inaitaka halmashauri itenge sehemu hiyo ya mapato yake ya ndani: wanawake nne, vijana nne, wenye ulemavu mbili, na riba hakuna. Kasheshe ni kikundi. Mpwa wangu akatafuta wenzake wakawa watano, wakaandika katiba, wakafungua akaunti, wakachagua mwenyekiti, katibu na mhazini. Wananchi wakabaki wawili. Wakiwa wanasubiri mihuri, Aprili 2023 serikali ikaisitisha mikopo yote, kwa kuwa kumbe kulikuwa na vikundi hewa vilivyokopa bila kuwa na katiba wala ndoo. Iliporejeshwa 2024, mwenyekiti alikuwa ameshaoa, katibu yuko Tunduma, na mhazini hapokei simu.

Sasa tunayo Dira ya 2050, iliyozinduliwa Dodoma Julai 17, 2025. Uchumi wa dola trilioni moja, na wastani wa pato la kila mtu dola 7,000 kwa mwaka. Nimefurahi sana. Nikaenda kwa Mangi wa dukani, nikamwomba kilo mbili za sukari, nitamlipa kwenye hizo elfu saba zangu. Akafungua daftari la madeni, akaniuliza 2050 ni mwisho wa mwezi gani.

Ila kuna kijana mmoja nyuma ya nyumba yetu alisomea umeme chuo cha ufundi cha VETA. Semina humwoni. Ukimpigia simu leo, anakwambia yuko saiti, atakuja keshokutwa, na keshokutwa yenyewe haji. Huyo hajawahi kuniuliza habari ya mtaji. Watu wanajenga, nyumba zinataka nyaya, na mwenye nyumba hawezi kujifungia nyaya mwenyewe kama mama ntilie alivyojikorogea sabuni.

Kwa hiyo waheshimiwa mnaoandika mpango ujao, ombi langu ni dogo. Kabla hamjawaita vijana ukumbini, mtumeni bwana maendeleo wa kata azunguke kwanza mtaani aulize nani atanunua hicho mnachotaka kuwafundisha. Maandazi tutajinunulia.