Mwongozo wa Muumini wa Kuhamahama

Ukitaka kusali Dar es Salaam kila Jumapili kwa miaka mingi, na siku ya msiba wako pasiwe na mchungaji anayelijua jina lako, fuata maelekezo haya.

Barua ya utambulisho uliyopewa na mchungaji wa nyumbani, iwe ni Marangu au Bukoba, usiifikishe popote. Ikifika ofisini utapewa bahasha yenye namba, utapangiwa jumuiya, na mzee wa kanisa atajua unakaa nyumba ipi. Hapo umekwisha. Ukikosa ibada mara mbili, utapigiwa simu kuulizwa kama unaumwa.

Jumuiya ndiyo ya kukwepa kuliko vyote. Maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki walizipa jumuiya ndogondogo kipaumbele katika miaka ya 1970, na Walutheri nao wanazo, kwa sababu ndani ya parokia au usharika mkubwa mtu hupotea machoni pa wenzake. Wewe unataka kupotea. Usikubali kuketi alfajiri sebuleni kwa mama muuza vitumbua, msome Neno, kisha mchange nauli ya mgonjwa wa kwenda Muhimbili. Ukizoea, utaanza kumpenda yule mzee anayerudia ushuhuda uleule kila wiki, naye atakuombea hata usipomwomba.

Sasa tafuta kasoro, wala hazitakupa shida. Kwaya inapwaya, mahubiri marefu, matangazo ya michango marefu zaidi. Waambie rafiki zako kwamba hapo "hulishwi", uhamie kwa nabii mpya. Wiki tatu za mwanzo utatokwa machozi ya furaha. Ya nne utagundua kwamba huko nako kuna michango. Hama tena. Palipo na maji ya upako kimbilia, na palipo na mafuta wahi zaidi.

Lakini kuhusu mafuta mzaha unanishinda. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana kwenye mkutano wa maombi, wakiwahi kukanyaga mafuta ya upako. Siwezi kuwacheka. Mtu mwenye mtoto mgonjwa au deni linalomnyima usingizi atakwenda popote anapoambiwa kuna msaada. Ninachouliza ni walikuwa wapi majirani zake wa kanisani, wa kumshika mkono kabla hajafika kwenye msongamano ule.

Kutangatanga huku hakukuanza na sisi. Karne ya 6, Mtakatifu Benedikto aliwakemea mwanzoni kabisa mwa Kanuni yake wamonaki waliozunguka monasteri hadi monasteri, wakila ugenini siku tatu au nne na kuondoka. Wamonaki wake huahidi kudumu katika jumuiya yao, na Wabenedikto wa Peramiho wapo Songea tangu 1898. Benedikto alikuwa anajua watu: mgeni huandaliwa meza, wala hapangiwi zamu ya kuosha vyombo. Anayekaa ugenini maisha yake yote hapati nafasi ya kumvumilia mtu, wala ya kuvumiliwa, na upendo ambao Kristo aliuagiza haufanyiki bila hayo mawili.

Simsemi anayemkimbia kiongozi anayemlia fedha zake au kumdhulumu mwili. Huyo aondoke leo na kumripoti, na sisi wengine tumpokee bila maswali mengi. Ninayemsema ni yule ambaye hakuna aliyemkosea. Alichoka tu baada ya ugeni kwisha, akaita uchovu huo sauti ya Roho.

Ndugu yangu, kama huyo ni wewe, mwongozo huu uchane. Uliza jumuiya ya mtaa wako inakutana nyumbani kwa nani Jumamosi hii. Nenda, na Jumamosi inayofuata nenda tena, hata kama ya kwanza haikukuvutia.