Waraka wa Wazi kwa Makamu Wakuu wa Vyuo Vikuu Binafsi

Waheshimiwa Makamu Wakuu wa Vyuo,

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha Kidato cha Tano na cha Sita hapa Iringa, na kila matokeo yanapotoka mwezi Julai, wazazi wa wanafunzi niliowafundisha na majirani huja na swali moja: huyu mtoto aende chuo gani? Nawaandikia kwa sababu mwenye majibu ni ninyi, na mpaka sasa hamjayatoa.

Kwanza shukrani, maana mnastahili. Aliyemaliza Kidato cha Sita mwaka 1985 alikuwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Sokoine, basi. Chuo Kikuu Huria kilikuja mwaka 1992. Mlango wa sekta binafsi ulipofunguliwa katikati ya miaka ya tisini, Profesa Hubert Kairuki alianzisha chuo cha udaktari Mikocheni mwaka 1997, na mwaka uliofuata taasisi ya Nyegezi, Mwanza, ikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Wapo wanafunzi wangu waliosoma kwenu ambao leo ni madaktari na walimu ninaoweza kuwakabidhi wajukuu zangu. Kwa hiyo simo miongoni mwa wanaodai kwamba chuo binafsi ni kimbilio la walioshindwa. Kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza ni kilekile kwa wote, yaani ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi wenye jumla isiyopungua pointi 4, uwe unaomba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au kwenu.

Ndiyo maana nakerwa na namna mnavyowatafuta wanafunzi.

Matokeo yakitoka, magari ya matangazo hupita mitaani yakitaja majina ya vyuo vyenu. Vijana wenye fulana zenu husimama stendi wakigawa vipeperushi. Simu hupigwa hadi usiku. Nimevikusanya vipeperushi hivyo na kuvisoma vyote. Vina picha za majengo, za mahafali, za msichana anayecheka mbele ya kompyuta. Vinasema mazingira ni tulivu, hosteli zipo, mkopo upo, ajira ni uhakika. Sijaona hata kimoja kinachotaja nani atafundisha, wangapi kati ya walioanza walimaliza, na waliomaliza walifika wapi. Mnunuzi wa ng'ombe mnadani huruhusiwa kumfungua mdomo amtazame meno. Mzazi aliyeuza kiwanja ili kulipa ada ya miaka mitatu anaonyeshwa picha tu.

Zamani kidogo mambo yalikuwa tofauti. Kuanzia mwaka 2010 maombi yalipitia mfumo mmoja wa pamoja uliosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Ulikuwa na kasoro zake, lakini haukuwa na chuo chake cha kujaza. Mwaka 2017 ukaachwa, na tangu hapo mwombaji hutuma maombi moja kwa moja chuoni. Sipingi mabadiliko hayo. Nasema tu kwamba tangu siku hiyo anayeuza nafasi ndiye pia anayemshauri mnunuzi, na dhamana hiyo mmeipokea bila kuibeba. Ofisi zenu za udahili zinahesabu vichwa. Mtoto mwenye alama nzuri za Kemia na Biolojia anapofika akiomba Sayansi za Maabara, akaambiwa nafasi zimejaa lakini za Biashara zipo, kisha akasajiliwa humo kabla hajampigia baba yake, huo si ushauri.

Kuna mawakala pia. Kila mwaka Tume huwaonya waombaji wawaepuke watu wanaojiita mawakala wa udahili na wawasiliane na vyuo wenyewe. Hata hivyo wanaonipigia simu hutaja majina ya vyuo vyenu kwa ufasaha, hujua tarehe za awamu za udahili, na wengine hukiri kwamba hulipwa kwa kila kijana anayeripoti. Naomba mwaka huu kila mmoja wenu aseme hadharani kama analipa kamisheni hizo au halipi. Ni jibu la neno moja.

Sasa nije kwenye neno mnalolipenda kuliko yote: ithibati. Mzazi akilisikia anatulia. Hajui kwamba leseni ya muda, usajili kamili na hati idhini ni hatua tofauti. Hajui kwamba chuo kuwa na usajili hakuhakikishi kila programu inayofundishwa humo. Ninyi mnajua. Mnakumbuka pia kwamba Julai 2017 Tume ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na katika vyuo vingine 22 ikazuia programu 75. Mwaka mmoja kabla yake kampasi za Songea na Arusha za Chuo Kikuu cha Mtakatifu Joseph zilifungwa, na wanafunzi wakatawanywa katika vyuo vingine wakiwa katikati ya masomo. Vyuo vyote hivyo vilikuwa vimetangaza nafasi kama mnavyotangaza ninyi. Anayehamishwa akiwa mwaka wa pili hufika kwenye mtaala mwingine, akakuta masomo aliyokwisha kufaulu hayahesabiki na aliyotakiwa kuyafaulu hajayasoma. Kuna miaka ya ujana iliyopotea pale, na sijasikia chuo kilichoirudisha, wala ada yake.

Nieleze na ninalolijua kwa karibu. Kijana mmoja niliyemfundisha, mwenye akili ya kupendeza kwenye Kemia, alikwenda kusoma sayansi za maabara katika chuo binafsi ambacho sitakitaja. Chumba cha maabara kilikuwepo, tena kizuri, ndicho kilichopigwa picha. Kemikali za kutosha darasa zima hazikuwepo. Mhadhiri alifanya jaribio moja mbele, wanafunzi wakaizunguka meza, wa nyuma wakaandika majibu waliyosomewa na wa mbele. Ndivyo ilivyokuwa karibu kila muhula. Mhadhiri huyohuyo alifundisha pia katika vyuo vingine viwili, kwa hiyo vipindi viliwekwa Jumamosi na Jumapili kwa mkupuo, au havikuwepo. Kijana alipokwenda hospitali ya mkoa kwa mafunzo kwa vitendo, fundi sanifu wa maabara mwenye stashahada alilazimika kumwonyesha namna ya kushika pipeti. Alinieleza jambo hilo akitazama chini. Mimi sikuona sababu ya yeye kuona aibu. Aibu hiyo ilikuwa ya waliopokea ada yake wakijua maabara yao haina uwezo.

Kwa hiyo ninapouliza nani atafundisha, nataka majina. Andikeni kwa kila programu wahadhiri mlioajiri kwa kudumu, kiwango chao cha elimu, na walio wa muda kutoka kwingine. Mwenye masomo ya tiba aseme hospitali anayoitumia, ina vitanda vingapi, na ni vyuo vingapi vingine vinapeleka wanafunzi kwenye vitanda hivyohivyo. Mwenye ualimu aseme ni nani huenda kumkagua mwanafunzi shuleni wakati wa mafunzo kwa vitendo, na mara ngapi. Nimeshuhudia mwanafunzi akikaa wiki zote shuleni kwetu bila kukaguliwa hata mara moja, kisha alama zikapatikana.

Waheshimiwa wenye vitivo vya sheria, naomba mnivumilie zaidi. Mwaka 2022 matokeo ya Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, anakopitia mhitimu wa sheria anayetaka kuwa wakili, yaliishtua nchi: yalionyesha kwamba kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliotakiwa kurudia mitihani walikuwa 342, na 265 walifeli kabisa. Serikali iliunda kamati ya kulichunguza jambo hilo, chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Taasisi ilinyooshewa kidole, wanafunzi wakanyooshewa, vyuo vikaendelea na dirisha la udahili la mwaka uliofuata. Najua hao 633 walitoka vyuo vya umma na vya binafsi, na siwabebeshi ninyi peke yenu mzigo huo. Ila kila kitivo kinaweza kujua wahitimu wake wangapi walikwenda kule na wangapi walitoka na cheti. Mtoto anayetaka kuwa wakili ana haki ya kuiona namba hiyo kabla hajachagua kitivo, na mnaoificha mnamfanya achague kwa rangi ya kipeperushi.

Juu ya ada nitasema machache, kwa kuwa kila mzazi anayajua. Shilingi 20,000 za Tume za udhibiti ubora tunazielewa. Bima ya afya tunaielewa. Tusiyoyaelewa ni malipo yanayojitokeza mtoto akishafika na sanduku: usajili, kitambulisho, mitihani, maendeleo, utafiti, joho. Andikeni jumla moja ya kuanzia siku ya kwanza hadi siku ya kuchukua cheti, na atakayeshindwa kuimudu ajue akiwa bado nyumbani, asijue siku ya mtihani akizuiwa mlangoni. Tena ondoeni kwenye vipeperushi maneno ya uhakika wa mkopo. Anayeamua ni Bodi ya Mikopo, na anayekopeshwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi deni liishe, hata kama shahada mliyompa haikumsaidia kuupata mshahara huo.

Mtaniambia kwamba vyuo vya umma navyo havitangazi haya. Kweli, na vingefaa kutangaza. Lakini ninyi ndio mnaokwenda stendi na vipaza sauti, nanyi ndio mnaoishi kwa ada tunayowaletea. Aliyeamua kutushawishi amekubali kuulizwa.

Mtaniambia pia kwamba chuo kitakachoanza kutangaza udhaifu wake kitakosa wanafunzi. Mimi nawaahidi kinyume chake hapa Iringa. Chuo kitakachonipa ukurasa mmoja kwa kila programu, wenye majina ya wahadhiri, idadi ya walioanza na waliomaliza, matokeo ya wahitimu mbele ya mabaraza na bodi za taaluma zao, na gharama yote kwa jumla moja, nitauchukua ukurasa huo nikausome kwenye kikao cha wazazi, hata kama namba zake ni ndogo. Mwenye namba ndogo aliyeziandika naweza kumwamini na mtoto. Waliokaa kimya sitawataja.

Bado mna muda kabla ya dirisha la udahili kufunguliwa. Mpaka ukurasa huo utakaponifikia nitaendelea kuwashauri wazazi hivi: nenda chuoni mwenyewe siku ya kazi, muhula ukiwa unaendelea. Usianzie ofisi ya udahili. Pita maktaba uone kama kuna wanaosoma, pita maabara uone kama kuna kinachotumika, kisha umtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa programu anayoitaka mwanao, umnunulie chai nje ya lango, umuulize wiki iliyopita alifundishwa vipindi vingapi na nani.

Wenu katika elimu,

Mwalimu mstaafu, Iringa