Wiki ya Treni ya Novara

Jumatatu
Njia ya Emmerich imefungwa kupisha ujenzi wa njia ya tatu ya reli kuelekea Oberhausen. Treni yetu ya Rotterdam–Novara, inayobeba matela ya malori, imeelekezwa Venlo. Kichwa cha treni tulichokodi kinatumia volti 25,000 za njia ya Betuwe na 15,000 za Ujerumani. Njia ya Venlo ina 1,500 za mkondo mnyoofu. Nimeomba kichwa cha dizeli cha kuivuta hadi ng'ambo ya mpaka. Kimepatikana saa tisa alasiri. Treni ilitakiwa kuondoka asubuhi.

Jumanne
Saa za kazi za dereva zimekwisha karibu na Offenburg. Mwenzake wa kumpokea yuko Basel. Treni imelazwa njia ya pembeni. Sheria ya kikomo cha saa za kazi naiunga mkono kabisa, mtu aliyechoka hapaswi kuendesha tani zaidi ya elfu moja.

Jumatano
Tumekosa dakika zetu za kuingia Lötschberg. Handaki hilo la kilomita 34.6 lilifunguliwa mwaka 2007, lakini kwa kubana gharama, kilomita zipatazo 21 ziliachwa na njia moja. Ukichelewa, unangoja wanaotoka upande wa pili wapite kwanza, kisha unatafutiwa nafasi nyingine. Mwaka 1994 Waswisi walipiga kura kutaka mizigo inayokatiza milima ya Alps ihamie relini. Kura ile inastahili njia ya pili handakini. Lori hupita nchi hizihizi kwa injini moja na dereva mmoja, ndiyo maana kila saa tunayopoteza inaniuma.

Alhamisi
Domodossola. Hapa umeme wa Uswisi unaishia na Italia inaanza na volti 3,000 za mkondo mnyoofu, hivyo kichwa kinabadilishwa. Dereva naye anabadilishwa. Sheria ya Ulaya inamtaka ajue lugha ya wasimamizi wa njia kwa kiwango cha B1. Kichwa kilikuwa tayari, dereva pia. Kisha mkaguzi akaona turubai la tela moja limelegea juu. Hakuna anayeruhusiwa kupanda kulifunga mpaka waya wa umeme uzimwe, na yadi ilikuwa na kazi nyingi. Behewa lililobeba tela hilo likakatwa. Treni ikipungua behewa, urefu, uzito na asilimia ya breki hubadilika vyote, kwa hiyo orodha ya mabehewa ikaandikwa upya, ikatumwa upya, na breki zikapimwa upya. Mkaguzi alifanya sawa. Turubai likigusa waya ule, mtu anaweza kufa.

Ijumaa
Novara. Kreni ilipangiwa treni nyingine; tukapakuliwa jioni. Mwenye tela lililobaki Domodossola amepiga simu. Nimemweleza lilipo, kwa nini limebaki, na kwamba litafika kesho mchana. Ameuliza kama atume lori likalichukue. Nikamwomba asitume. Amekubali kusubiri.