Kabla Hujaipeleka CPU Makambako

Kompyuta yako ya nyumbani hapo Kidugala imeanza kuganda. Unabofya, kiduara cha buluu kinazunguka, taa ya diski inawaka bila kupumzika. Habari zikishaenea, waganga hawakosekani. Jirani wa kwanza atasema ni virusi. Wa pili, mwenye uzoefu wa kulipa mafundi, atashauri ipigwe Windows mpya. Wa tatu atakuambia ufute picha za harusi ili mashine ipate nafasi. Wakaribishe wote chai, wasikilize kwa adabu, kisha usifanye hata moja mpaka umeangalia kumbukumbu. Nauli ya kubeba CPU hadi Makambako au Njombe, na kurudi nayo, ni pesa ya kufikiria mara mbili.

Jambo la kwanza ni kuacha kuchanganya vitu viwili ambavyo vyote vinahesabiwa kwa GB. Diski ina, tuseme, GB 500; RAM, yaani hiyo kumbukumbu, ina GB 4. Diski ni kihenge uani. RAM ni ungo ulio mapajani. Maharage ya mwaka mzima yamo kihengeni, lakini huchambui punje hata moja mpaka iwe kwenye ungo. Picha za harusi zimekaa kwenye diski, zimetulia, hazimbani mtu. Anayekubana ni kivinjari ulichokifungulia kurasa ishirini, pamoja na Excel yenye alama za kidato kizima, pamoja na muziki wa kwaya, vyote kwa wakati mmoja.

Sasa bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha litakalofunguka ndilo daktari wa kweli, na halidai chochote. Nenda kwenye sehemu ya utendaji, chagua "Memory". Ukiona RAM imejaa kwa zaidi ya asilimia 90, na hapohapo diski inafanya kazi kwa asilimia 100 wakati wewe umekaa tu unaitazama, ugonjwa umeshajulikana. Angalia pia neno "Committed", lenye namba mbili. Ya kwanza ni kiasi ambacho programu zimejiwekea. Ya pili ni jumla ya RAM na faili moja la diski linaloitwa pagefile.sys. Namba ya kwanza ikiipita mbali RAM uliyonayo, kompyuta inaishi kwa kukopa.

Mkopo huo ni sehemu ya kumbukumbu pepe, na inafaa tuielewe vizuri, kwa sababu wengi hudhani kumbukumbu pepe ni hilo faili tu. Sivyo. Kila programu hupewa anwani zake za kumbukumbu, ikaamini iko peke yake ndani ya mashine. Kwenye Windows ya biti 64, programu moja inaweza kupewa anwani za hadi TB 128, hata kama RAM yote ni GB 4. Kichakataji na mfumo endeshi vinashirikiana kutunza majedwali yanayosema ukurasa upi wa anwani hizo, kwa kawaida wenye KB 4, uko wapi hasa ndani ya RAM. Ndiyo maana kivinjari hakiwezi kuchungulia alama zako za Excel: majedwali yao ni tofauti. RAM ikijaa, mfumo huchukua kurasa ambazo hazijaguswa muda mrefu na kuzipeleka kwenye faili la diski. Programu ikizihitaji tena, inasimamishwa, kurasa zinarudishwa, kazi inaendelea.

Ni uvumbuzi mzuri sana, na si wa jana. Kompyuta ya Atlas ya Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, chini ya Tom Kilburn, ilizinduliwa tarehe 7 Desemba 1962, siku mbili kabla ya Tanganyika kuwa jamhuri. Kumbukumbu yake kuu ilikuwa kama KB 96 tu, na nyingine ilikaa kwenye pipa la sumaku lililozunguka. Anayeandika programu aliziona zote mbili kama kitu kimoja. Sisi huku Tanzania, serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na zuio hilo lilidumu miaka mingi. Si ajabu elimu hii imetufikia kwa masikizi.

Ubaya uko kwenye mwendo. RAM hujibu ndani ya nanosekunde 100 hivi. Diski ya kuzunguka, ile iliyomo kwenye kompyuta nyingi za mtumba, huchukua kama milisekunde 10: mara laki moja zaidi. Kama RAM ingejibu kwa sekunde moja, diski ingekuweka zaidi ya saa 27. Basi kurasa zikianza kwenda na kurudi mfululizo, mashine hushinda ikihamisha tu.

Kwa hiyo, funga usichotumia. Usilizime faili la pagefile kwa kusikia kwamba linachelewesha. RAM ikijaa na faili halipo, programu zitaanza kufa mbele yako. Liache Windows ilisimamie yenyewe. Na hapa jirani wa tatu anastahili heshima yake: diski C ikijaa kabisa, faili hilo linakosa pa kukulia, hivyo picha zinaweza kuhamishiwa kwingine. Zile programu zinazoahidi kukuongezea RAM kwa kubofya mara moja, zikatae.

Umeme ukikatika, kilichokuwa kwenye RAM kimepotea. Kilichopelekwa kwenye pagefile nacho hakikufai, ingawa kimelala kwenye diski, kwani hakuna programu itakayokirudisha. Bonyeza Ctrl na S kila umalizapo safu ya alama.

Ukiamua kununua RAM, kwanza hakikisha Windows yako ni ya biti 64. Ile ya biti 32 haitumii zaidi ya GB 4 hata ukiweka 16. Jua kama mashine inataka RAM ya aina ya DDR3 au DDR4, maana pengo la chini halilingani na moja haiingii mahali pa nyingine. Ya laptop ni fupi. Zima, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe. Vua sweta la sufu, hata kama ni Julai na baridi ya Njombe imekaza, kwa sababu msuguano wake huzalisha umeme tuli unaoweza kuua chipu bila wewe kusikia chochote. Gusa chuma kitupu cha kasha. Shika RAM kwa kingo, usiguse meno yake ya dhahabu, linganisha pengo, kandamiza pande zote mbili mpaka vibanio vijifunge vyenyewe kwa mlio mdogo.

Mwenye GB 4 aanze na RAM, afike 8. Mwenye 8 tayari lakini bado ana diski ya kuzunguka, anunue SSD, yaani diski isiyozunguka. Na ukilazimika kwenda kwa fundi, mwambie: "Fundi, shikamoo kazi yako, lakini nifungulie kwanza Memory tuitazame wote, ndipo tuzungumze bei."