Masanduku Kwanza, Watu Baadaye

Ukitangaza nyumbani kwamba unajifunza kuchora, kila mtu anataka sura yake ukutani kesho yake. Hawajui kwamba mwanafunzi wa mazoezi hachori watu. Anachora mistari. Akimaliza mistari, maduara. Akifuzu, anapandishwa cheo hadi masanduku, na zoezi moja maarufu linadai masanduku 250, kila moja limeelekea upande wake.

Masharti nayo si haba. Rula marufuku. Raba marufuku. Unatumia kalamu ya wino, ili ukikosea ubaki unatazamana na kosa lako. Na mstari mrefu hautoki kwenye kiganja wala kiwiko, unatoka begani. Nikajaribu mezani wakati wa chai. Bega likazunguka, kikombe cha mama mkwe kikaenda nalo. Akafuta kanga yake, akaniuliza kwa upole, "Baba, unachora au unapiga makasia?"

Masanduku ndiyo yaliyonitoa jasho. Kanuni inasema kingo zinazoelekea mbali zikaribiane polepole, na ukizirefusha kwa wino mwekundu utaona zinakutana wapi. Zangu zilianza safari pamoja, zikatalikiana njiani. Sanduku likawa pana nyuma kuliko mbele.

Faraja niliipata kwa Betty Edwards, mwalimu wa Marekani. Katika kitabu chake cha mwaka 1979 anamtaka mwanafunzi anakili mchoro wa Picasso wa mtunzi wa muziki Igor Stravinsky, ukiwa umepinduliwa kichwa chini. Jicho likishatambua pua, mkono unachora pua ileile ya darasa la pili. Ukiupindua mchoro, unabaki na mistari tu. Stravinsky wangu alitoka mtu kamili. Nikamsimulia kila aliyepita sebuleni.

Shemeji akaona zamu yake imefika. Nikamkalisha kwa zoezi jingine: macho yasibanduke usoni pake, yasichungulie karatasi hata kidogo, kalamu itambae taratibu jicho linakotambaa. Alikaa kimya, kajiweka sawa, kola kaifunga hadi juu. Nilipoinua kalamu, jicho moja lilikuwa limeteremkia shavuni, sharubu zimevuka mpaka wa uso, na sikio linaning'inia kidevuni.

Shemeji aliipokea karatasi kwa mikono miwili. Akaitazama. Akaipindua kichwa chini, kama Stravinsky. Akailaza ubavu.

"Shem," akasema, "nimegeuza pande zote nne. Mimi simo."