Bibi Bahasha na Roboti wa Mnada

Bibi Bahasha alikuwa amejilaza katika sanduku la zabuni, lakiri yake nyekundu ikiwa kifuani, Roboti alipobisha hodi kutoka kwenye kompyuta ya jirani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Natoka mnadani. Mtu kafungua ukurasa wa gazeti kwenye simu, na nafasi ya tangazo ikauzwa kabla hata picha hazijatokea. Sehemu ya kumi ya sekunde! Tulikuwa wengi, kila mmoja na dau lake la siri."

"Nawe ukataja thamani uliyotumwa na bwana wako?"

"Zamani ndiyo. Mshindi alilipa bei ya aliyemfuata. Mwanauchumi William Vickrey alishaonyesha mwaka 1961 kwamba kwa sheria hiyo ukweli ndio ujanja: ukipunguza, waweza kukosa mali yenye faida, ukizidisha, waweza kuipata kwa hasara. Basi nikawa mkweli bila kuwa na uadilifu wowote."

Ukweli huo huwatia wauzaji aibu. New Zealand iliuza masafa ya redio kwa mtindo huo mwaka 1990, bila kuweka bei ya chini. Kampuni moja ikataja dola 100,000, ikalipa 6.

"Elfu sita?" Bahasha aliuliza.

"Sita, bibi. Za kuhesabu kwa vidole."

Wanauchumi watasema kosa lilikuwa uhaba wa washindani. Sawa, lakini nani angependa kwenda kuwaeleza hivyo walipa kodi?

"Mwaka 2019," Roboti aliendelea, "Google ikageuza sheria katika soko lake la matangazo: unalipa ulichotaja. Hapo ndipo nilipofundishwa kuficha."

"Kuficha kiasi gani?"

"Hutegemea umati. Tuseme thamani ya kila mmoja yaweza kuwa popote kati ya 0 na 100, kwa uwezekano sawa. Mkiwa wawili, taja nusu ya yako; mkiwa kumi, taja tisa ya kumi. Na kwa kuwa hatuonani, najifunza kwa matokeo: nikishinda mno napunguza, nikishindwa mno naongeza."

Bahasha alicheka hadi lakiri ikapata ufa.

"Mwaka 1797 mshairi Goethe aliandika bei ya utenzi wake, Hermann und Dorothea, akaifunga ndani ya mmoja wa ukoo wetu, akamkabidhi mpatanishi, Böttiger. Mchapishaji Vieweg ataje dau: likipungua, hakuna biashara, likizidi, atalipa ile ya ndani tu. Vieweg akataja thaler 1,000. Ndani mlikuwa na ngapi?"

"Elfu moja?"

"Kamili! Böttiger alikuwa amemnong'oneza."

"Kwetu hakuna Böttiger, bibi."

"Nani huendesha mnada wenu?"

"Google."

"Chombo cha muuzaji?"

"Cha Google. Aprili 2025 jaji wa shirikisho huko Virginia aliamua kwamba imehodhi masoko hayo mawili isivyo halali."

"Na wewe, mjukuu wangu, unanunua kupitia dirisha la nani?"

Roboti alisita kwa muda mrefu mno, karibu nusu sekunde.

"La huyohuyo."