Sifa za Saa Iliyogoma Kutoka 1993

Mbu wa Bonde la Kilombero kapata heshima yake. Tangu Rudolf Geigy wa Basel aanzishe maabara Ifakara miaka ya 1950, mdudu yule hajakosa msomi wa kumpima mbawa. Saa ya swichi ya mtandao, iliyofungiwa ndani ya kabati la chuma kule stoo, nani kawahi kuisifu?

Kwanza haizeeki. Swichi nyingi za Cisco za zamani, mfano Catalyst 2960, hazina betri ya kutunza saa. Umeme ukikatika (na hukatika, ingawa mitambo ya Kidatu na Kihansi si mbali) zikiwaka tena huamini kwamba ni tarehe 1 Machi 1993. Mzee Mwinyi yuko Ikulu, Daraja la Kilombero halijaota hata nguzo, abiria wa Mahenge wanasubiri pantoni. Nani asiyetaka kurudishiwa ujana wake kila umeme unaporudi?

Halafu ina huruma. Usiku mtu kachomoa waya, malipo yamekwama. Logi ya seva inasema Jumanne saa nane usiku. Logi ya swichi inasema Machi 1993. Ushahidi haukutani, basi hafukuzwi mtu, na kikao kinaisha kwa soda.

Maadui zake ni wafuasi wa David Mills, baadaye wa Chuo Kikuu cha Delaware, ambaye mwaka 1985 alitoa itifaki ya NTP. Swichi huiuliza seva saa ngapi, hupima muda uliopotea njiani kwenda na kurudi, kisha hujirekebisha. Bahati nzuri, wakaguzi wengi hufungua mipangilio, wakaona jina la seva limeandikwa, wakatia tiki na kwenda zao kula wali na perege. Kumbe fayawoli imeziba poti 123, na swichi inabisha hodi kwenye nyumba isiyofunguliwa. Mkaguzi mkorofi ndiye huangalia kama majibu yanarudi: akikuta namba 377, yamefika yote manane ya mwisho, akikuta sifuri, hakuna lililofika. Tena atauliza kama swichi imeambiwa iko Afrika Mashariki, maana isipoambiwa hubaki nyuma saa tatu kamili, kwa usahihi wa kupendeza.

Lakini kinachonifanya niivulie kofia ni unyoofu wake. Iulize saa: kabla ya kutaja tarehe yake ya uongo, inatanguliza kinyota, yaani msiniamini. Iulize hali yake ya NTP: inajitaja yenyewe kuwa iko tabaka la 16, la wasio na wa kumfuata. Haikulazimishwa, haikutishwa. Sasa fungueni daftari la mahudhurio pale mapokezi, ambamo wafanyakazi wote wamefika saa 1:30 asubuhi, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, mnionyeshe kinyota kiko wapi.